Kutembea Bila Safari

Cedar-Riverside, 9 Februari 2015

Mdogo wangu Uwamariya,

Salamu kutoka huku juu ghorofani, ambako mimi ni mzima kama fahali wa malisho ya Masisi. Wewe je? Mama Reine wa kwaya ananiambia huli, hulali, mapazia umeyafunga mchana kutwa, na kwaya umeiacha tangu Noeli. Na daktari eti kakupa dawa gani? Kutembea! Uzunguke ziwa, upate mwanga, ulale saa ileile. Mtu asome miaka yote hiyo aje akwambie utembee? Mimi nimeishi Goma, Kampala na Nairobi, mji gani sijaona kabla ya kuja huku ughaibuni? Kote huko anayezunguka bila safari wala mzigo huitwa mwendawazimu. Usitutie aibu. Jumapili nakuletea dawa ya kweli.

Kaka yako mkubwa,
Rigobert

Maplewood, 16 Februari

Kaka Rigobert,

Natumaini mgongo wako umepoa baada ya kukaa sakafuni jana. Mimi usiniulize.

Dawa yako ilikuwa kwaya nzima! Mmesogeza viti, mmekaa chini, viatu rundo mlangoni, akina mama wanaimba wimbo wa kuaga. Kaka, ule ni msiba. Mlikuja kunihani mimi mwenyewe. Jirani yangu mzee Walter kaleta maua, ananiuliza nani amefariki. Ningemjibu nini, kwamba ni mimi? Nilijifungia bafuni mpaka mkaondoka na sufuria zenu.

Kwenye simu nilikuomba kitu kimoja tu: uje tutembee, maana peke yangu naishia mlangoni. Ukacheka. Sasa usinipigie.

Mdogo wako,
Uwamariya

Cedar-Riverside, 21 Februari

Mdogo wangu,

U hali gani? Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, wewe unajua. Tulikaa chini kwa sababu una viti viwili! Na ule wimbo kauchagua Elkanah wa kwaya, ndio pekee anaoweza kuuimba kwa sauti yake ya besi. Kosa langu liko wapi? Pokea simu.

Kaka yako,
Rigobert

Cedar-Riverside, 3 Machi

Uwamariya,

Sikuulizi hali, maana hujibu. Nimechoka! Mimi niliyewalainisha askari wa mpakani kwa mdomo mtupu, nashindwa na mlango wa dada yangu. Haya, tutazunguka hilo ziwa lako. Nitavaa kofia mpaka puani watu wasinijue.

Kaka yako, ndiye yuleyule

Maplewood, 4 Machi

Kaka,

Jumamosi saa nne asubuhi, Ziwa Phalen. Upite kunichukua. Bila kwaya, bila sufuria, bila mahubiri. Unyamaze.

Uwamariya

Maplewood, 8 Machi

Kaka Rigobert,

Umeamkaje? Magoti yanasemaje?

Ulinyamaza mpaka kwenye benchi la kwanza. Halafu ukaanza: baridi, viatu, mbwa aliyevaa sweta, eti anaishi vizuri kuliko mjomba Habiyaremye. Nilikasirika, nikataka kukuacha palepale kwenye barafu. Nikatangulia kwa hasira, wewe nyuma unahema na bado unaongea, na kumbe tumelimaliza ziwa lote.

Kufika nyumbani nikasikia njaa. Si kujikumbusha kula, kaka. Njaa yenyewe, tumboni. Nikapika fufu na sombe ya majani ya muhogo, nikala nimekaa mezani. Usiku sikulala sana, nisikudanganye.

Wewe na mimi hatujapatana. Daktari alisema kila siku, lakini una kazi. Basi uje Jumanne na Jumamosi. Utanikuta nimeshavaa, nimekaa karibu na mlango. Usichelewe, nakuomba. Nikivua viatu, sitavivaa tena.

Mdogo wako,
Uwamariya