Rangi ya Kaburi Ndani ya Gari la Baba

Jumatatu. Joto tangu asubuhi, na ziwa limetulia kabisa. Mimi sijatulia.

Leo nimefungua boneti ya gari la baba nikakuta ndani kumepakwa rangi ya kaburi lake.

Sisemi kwa mafumbo. Jumamosi tulimaliza matanga ya baba, miezi kadhaa baada ya kumzika. Kama ilivyo desturi yetu, kaburi lilipakwa rangi upya, na nyumba pia, ili ndugu wa Luberizi na Lemera wakute pamependeza. Ikabaki buluu ya kaburi, nusu kopo. Kwetu rangi haitupwi. Kaka yangu mkubwa, Kashindi, yaya kama tunavyowaita wakubwa zetu, akatazama huku na huku, akaliona gari.

Baba alilinunua kwa mapadri likiwa kuukuu tayari, akabebea mpunga, na wagonjwa wa kupandishwa hospitali ya Lemera mlimani, mpaka likafia uani. Mwaka wake wa mwisho tulianza kulifufua, yeye kwenye kiti, mimi na spana. Aling'ang'ania jambo moja: kuta zinazozunguka injini zirudi rangi ileile zilizotoka nayo kiwandani. Kijani cha mpauko, karibu na kijivu.

Nilimwahidi.

Rangi hiyo ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, chini ya kisahani cha betri, upana wa kiganja. Niliitunza ili fundi aitazame achanganye ya kufanana nayo. Madukani ni bure: ukiomba kijani unapewa kijani cha mgomba, na ukibisha wanakutazama kama mgonjwa.

Kashindi amepiga msasa kila mahali. Hata pale.

"Yaya, nani alikutuma?" nimemuuliza.

"Hakuna muntu alinituma. Rangi ilibakia, minye nikasema tupendezeshe gari ya baba. Weye iko unakasirika juu ya nini? Ndani ya kapo, pale kwa injini, nani ataangalia?"

Baba angeangalia! Mimi naangalia! Nimechoka na swali hilo. Ndiyo maana katika mji huu ukuta unapakwa upande wa barabara tu, na nyuma matofali yanaoza. Na huyu mtu alilia makaburini kuliko sisi wote.

Nimeondoka nisije nikamtukana mkubwa wangu. Nikaenda chooni, mahali pekee nyumbani unapoweza kulia bila kuulizwa. Nikafunga mlango, nikainua macho.

Kijani cha mpauko, karibu na kijivu.

Mama alizoea kutusimulia jinsi mapadri walivyomkabidhi baba gari pamoja na kopo la rangi yake ya kuzibia mikwaruzo. Iliyobaki baba akapaka mlango wa choo. Nje jua limeuchuja ukawa kama jivu, lakini upande wa ndani, nyuma ya komeo, rangi bado ni nzima. Miaka yote nimeketi mbele yake bila kuiona.

Nimecheka peke yangu huku machozi yakitoka. Lakini asiniambie mtu nimshukuru Kashindi. Hasira iko palepale, na hiyo buluu nitaikwangua yote.

Mlango nimeung'oa. Umeegemea kitanda changu, unamsubiri fundi.

Jioni hii Kashindi amekuja mbio kuuliza choo kitakaaje wazi hivyo, na wageni wengine bado hawajaondoka.

"Tundika kitenge, yaya," nimemwambia. "Nani ataangalia?"