Kugonga Ubavuni mwa Lulu

Mama mpenzi,

Shikamoo kutoka Kikambala, ambako joto limeninyima hata hamu ya mahamri.

Leo asubuhi nilifuatana na wifi Zuhura, yule daktari wa mifugo, kwenye mbio ndefu za farasi ufukweni. Jike mmoja mweusi, Lulu, alimaliza akasimama kivulini, jasho limemkauka likaacha chumvi nyeupe mgongoni. Mara nikasikia kitu kikigonga: du, du, du. Ulikuwa ubavu wake, ukishtuka kana kwamba mtu amefungiwa ndani anabisha hodi.

"Wifi, ana mimba?" nikanong'ona.

"Hana. Weka mkono mmoja kwenye moyo, mwingine ubavuni."

Nikaweka. Kila moyo ulipopiga, ubavu uliitikia papo hapo. Nywele zilinisimama.

Zuhura akanieleza huku akitafuta mshipa. Jasho lilikuwa limemaliza kalsiamu ya damu, na neva ya kupumua, inayopita karibu na moyo, ikadhani kila pigo la moyo ni amri ya kuvuta pumzi, ndipo ubavu ukashtuka. "Dawa hii ya kalsiamu nikiitia kwa haraka, moyo utasimama," akasema.

Akaidondosha taratibu, nami nimeshika kamba nikisoma Ayatul Kursi. Kugonga kukafifia, kisha kukakoma. Kimya kile, Mama, kilinitisha kuliko sauti yenyewe, mpaka Lulu aliponipumulia usoni. Nikalia mbele za watu bila haya.

Mwambie Baba asiruke dawa zake za moyo. Mungu akutunzeni nyote.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi