Chumba Kando ya Kipima Mvua

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na kile kikohozi? Mimi mzima, ila kazi inanimaliza.

Simu huko nyumbani haishiki, na hata hivyo hili nataka ulisome polepole. Wiki nzima nimekaa na fomu zako za mvua hapa ofisi ya hali ya hewa. Kwa miaka ishirini vipimo vyako vilikwenda sambamba na vya vituo jirani. Halafu, miaka tisa iliyopita, chako kikaanza kushuka peke yake, karibu sehemu moja ya tano, wenzake wakabaki palepale. Mimi ndiye niliyeandika kwenye ripoti kwamba mvua za huko kwetu zinapungua. Ripoti hiyo ilinipandisha cheo, na kwa sababu yake majirani zetu walishauriwa kuacha mpunga.

Niambie bila kunificha, baba: kuna nini karibu na kipima mvua? Mti, tangi, ukuta? Kitu kirefu kikiwa karibu, mvua ya upepo inakingwa, kipimo kinapata pungufu. Kitu hicho kinatakiwa kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake.

Binti yako

19 Machi

Mama,

Marahaba. Goti linanisumbua asubuhi tu, likishapata joto linasahau. Kikohozi kimeondoka bila kuaga.

Umeomba nisikufiche. Kuna ukuta. Uko hatua mbili kutoka kwenye kipima mvua, upande upepo unakotokea. Ni ukuta wa chumba chako.

Ulipoandika kwamba ukija nyumbani huna pa kulala, na kwamba tukikujengea utakuwa unakuja kila likizo, sikulala kwa furaha. Fundi akaja kesho yake. Uwanja wetu unaujua, kiganja cha mkono. Huku choo, kule njia ya majirani. Hapakuwa na pengine.

Wala sikuwa sijui, mama. Kazi hii nilifundishwa. Mwaka wa pili nikaliona: mvua imenyesha mpaka ndoo ya uani imejaa, mimi nakwenda kukuta milimita nne. Nikaandika nne, maana mtu anaandika anachokikuta. Lakini ukuta nilitakiwa kuuripoti, na sikuuripoti. Ningesema, wangeamua kimoja kiondoke. Kipima mvua kikiondoka, mimi nabaki mzee wa kukaa barazani. Chumba kikiondoka, wewe utafikia wapi? Nikafunga mdomo.

Umelala humo mara tatu kwa miaka tisa. Sikulaumu, nimezoea kuhesabu tu. Ninaona aibu kwa wale wa mpunga. Nikipita kwao siku hizi natazama chini.

Baba yako

6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua za sasa hazijakurudishia kikohozi.

Barua yako nimeisoma chooni, ofisini hakuna mahali pengine pa kulilia. Miaka tisa ya vipimo vyako imefutwa kwenye kumbukumbu. Nimepiga mistari mwenyewe, fomu kwa fomu, sikutaka mtu mwingine aziguse. Mwandiko wako haujabadilika hata kidogo, baba.

Wamesema kituo kitafungwa mwisho wa Juni, kipima mvua kisipokuwa mahali pa wazi. Usifanye chochote. Nipe muda nitafute njia, nitakuandikia.

Binti yako

28 Mei

Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Nimekaa kimya karibu miezi miwili. Kila siku nilisema nitaandika kesho, na kila siku mtu aliniwekea kazi mezani.

Sasa sikiliza. Mwalimu mkuu wa shule ya hapo karibu amekubali kipima mvua kihamie kwenye uwanja wao. Utakuwa unatembea dakika tano, goti litanung'unika lakini litazoea. Chumba kibaki. Nimeomba likizo ya mwezi mzima na nimepewa. Nitakuja tarehe kumi, nitaongozana nawe kwa wale wa mpunga, maana kosa ni langu kuliko lako. Nianikie godoro.

Binti yako

30 Mei

Mama,

Hujambo huko? Sisi huku wazima, chakula kinapita na usingizi unakuja.

Nilingoja barua yako, sijaiona, na Juni ndiyo hiyo mlangoni. Kwa hiyo juzi nimekibomoa chumba. Mjomba wako alinisaidia, unamjua, kubomoa ana kipaji kuliko kujenga. Matofali tumempa jirani. Kitanda na godoro amechukua shangazi yako.

Leo asubuhi nimekuta milimita kumi na saba. Nimesimama pale na ile chupa ya kipima mvua mkononi, nikatokwa na machozi kidogo, usimwambie mtu. Waambie wenzako kituo kiko wazi pande zote, wasikifunge.

Na wewe chumba kisikuumize moyo. Najua kazi zimekubana, hukuwa na mpango wa kuja.

Baba yako