Alama ya Tindo kwenye Pompe

Kindu, Jumanne. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na saa nne ilikuwa bado inapiga mabati ya gareji.

Ninyi mnaopita hapa kusoma mmezoea kunikuta nikigomba juu ya pikapu za mitumba. Msilipe kabla ya kufungua kifuniko cha rejeta. Msidanganywe na rangi mpya. Saa ya kilomita nayo inasema uongo, hata muuzaji akiapa. Leo sina mafundisho. Nina jambo ambalo sikumwambia mtu tangu wakati wa vita. Nimelisema asubuhi hii.

Mpwa wangu Riziki, mwanamke wa biashara ya mchele, alinunua pikapu bila kuniuliza. Alitaka kunishangaza, na kweli alinishangaza. Gari kubwa la dizeli, limetumika ng'ambo mpaka likachoka, halafu likapakwa rangi na kupambwa kama bibi harusi. Nilipofungua rejeta, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake gasketi ya silinda hedi imekufa na oili imeingia kwenye maji. Springi za nyuma zilikuwa na majani mawili yaliyovunjika, moja limefungwa kwa mpira wa tyubu. Nilicheka mpaka Riziki akanuna. Kisha nikalala chini ya gari hilo wiki tatu nzima.

Bei ya vipuri hapa mnaijua. Barabara ni hii yetu, kila kipande kinakuja kwa ndege au mgongoni mwa pikipiki, na ukishakipata unaweza kukuta si chenyewe. Ili kununua gasketi, Riziki aliuza cherehani. Ilikuwa ya mama yake, dada yangu Mwajuma, na ndiyo kitu pekee alichoachiwa. Aliponikabidhi ile gasketi ndani ya karatasi yake, sikuweza kumtazama usoni.

Ikabaki pompe, ile pampu inayosukuma mazutu, dizeli yetu, mpaka kwenye silinda. Ilikuwa inavuja, na kila asubuhi gari lilikohoa moshi mweupe kabla ya kukubali kuwaka.

Mtaa wetu wote wa Mikelenge unajua kwamba fundi Amisi anatengeneza kila kitu ila pompe haigusi. Wateja wenye shida hiyo nawatuma kwa mwenzangu ng'ambo ya mto, Alunguli. Watu wanadhani ni madaha ya uzee. Sasa mwenzangu amekwenda Kalima na hajulikani atarudi lini. Mchele wa Riziki uko Tunda, katika ghala lenye bati bovu, na mvua ndiyo hii.

"Noko, utaifungula weye," Riziki aliniambia leo; noko kwetu ndiye mjomba. "Miye sina mungine."

Nilichukua spana.

Wakati wa vita, mwenye gari alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Wenye silaha waliingia uani, wakaomba ufunguo, na gari hulioni tena. Ukitoa betri, walikuja na yao. Ukitoa magurudumu, waliyatafuta kwa jirani. Lakini ukitoa pompe, gari ni chuma tu. Basi kila mwenye dizeli akafanya hivyo. Baba yetu alikuwa na pikapu iliyobeba mchele wa Kibombo miaka mingi, akaniambia mimi niitoe. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kujifunza kazi, na kichwa kilikuwa kimevimba kwa ufundi.

Kabla ya kulegeza nati za pompe, fundi huchukua tindo na kukwaruza mstari mmoja, nusu juu ya pompe, nusu juu ya injini. Siku ya kuirudisha, nusu mbili zikutane. Ikihama hata upana wa punje ya mchele, injini inaweza kukataa kabisa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa.

Siku ile tulisikia wenye silaha wako uani kwa jirani. Nikafungua mbio mbio.

Sikupiga alama.

Niliizamisha pompe ndani ya bidoni, dumu la mazutu, bidoni nikalifukia chini ya banda la kuku. Walikuja, wakawasha, wakatukana, wakapiga teke milango, wakaondoka. Mtaa mzima ulicheka. Baba alianza kuniita enjinia mbele ya watu, na mimi nikalipenda jina hilo.

Miezi michache baadaye Mwajuma alishikwa na uchungu. Mchana ukapita, na mkunga akatoka chumbani akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Baba akasema, "Amisi, rudisha."

Nilifukua bidoni. Tulimlaza Mwajuma nyuma ya pikapu juu ya godoro, ili likiwaka tu tuondoke. Nilifunga pompe kwa kukisia. Injini ikakohoa, moshi mweupe, kimya. Nikaisogeza kidogo huku, kidogo kule, nikatoa hewa kwenye mabomba, nikawasha tena. Vidole vilikuwa vinatoka damu, maana spana ilikuwa inateleza. Mwajuma, katika maumivu yale, aliniona kupitia dirisha la nyuma nilipokaa kuwasha. Akasema, "Amisi, usiharakishe, utaumia mikono."

Betri ikaisha.

Majirani walimbeba na godoro lake mabegani. Alijifungua njiani, kwenye baraza ya duka lililofungwa. Mtoto alilia. Mwajuma hakufika hospitali.

Niliwaambia watu wote kwamba pompe iliharibikia ndani ya bidoni. Waliniamini, nani angebisha? Baada ya maziko, fundi mmoja mzee alikuja kutoa pole. Akainama juu ya injini, akalegeza nati tatu, akaisukuma pompe kwa kiganja, akaomba betri ya kuazima. Gari likawaka mara ya kwanza.

Mimi na Baba tulisimama tukilisikiliza. Lilikuwa linaunguruma vizuri kabisa.

"Njo ile tu?" Baba aliuliza, akionyesha zile nati tatu.

Hakuniuliza kitu kingine mpaka anakufa. Na hakuniita tena enjinia. Pikapu yenyewe, kwa kuwa sasa ilikuwa inawaka, wenye silaha walikuja kuichukua kabla wiki haijaisha.

Asubuhi hii nilishika tindo juu ya pompe ya Riziki, nikakwaruza mstari wangu. Nikaukwaruza mara ya pili ili uonekane. Riziki alikuwa amenishikia tochi.

"Ile alama ni ya nini, Noko?"

"Ya kujua fasi ya kuirudisha."

"Na kama mutu anasahau?"

Ningeweza kusema lolote. Siku za mwizi ni arobaini, zangu zimezidi hizo mara nyingi. Nilikaa juu ya tairi, nikamweleza yote, pamoja na uongo wa bidoni. Mvua ilikuwa na kelele, ikabidi niseme kwa sauti kubwa, na aibu ikipigiwa kelele inazidi kuwa aibu.

Hakulia. Mama wa watoto wawili, mwanamke anayebishana na wenye maghala wa Tunda mpaka wanapunguza bei, alisimama tu na tochi inawaka mchana.

"Mama alisema nini?" aliuliza. "Pale ndani ya gari."

Nikamwambia maneno yale, kama yalivyo.

Ndipo nilipoelewa kitu kilichoniuma kuliko vyote. Riziki hakuwa na neno hata moja la mama yake. Cherehani alikuwa nayo, sasa hana. Lile neno nilikuwa nalo mimi maisha yake yote, nikalificha pamoja na kosa langu.

Alizima tochi. Akapanda nyuma ya pikapu, mvua ikimnyeshea, akakaa pale muda mrefu. Kisha akashuka akaenda zake. Hakuniaga.

Nimefungua pompe yote mezani. Mipira ya kuzuia mafuta imeoza, na mipya tunayo. Spindo, mhimili wa ndani, ni nzima, alhamdulillahi. Nimeisafisha, nimeifunga, nimeifunika kwa kitambaa. Adhuhuri sikula kitu. Nilikuwa nawaza kama atatuma mtu aje kulivuta gari alipeleke kwa fundi mwingine, na kwamba ana haki.

Alasiri simu imelia, ujumbe wake. Nimeusoma nimesimama mlangoni.

"Nitakuya kesho asubui, nitashika tochi. Usiharakishe, Noko."

Je, amenisamehe, au anajali pompe yake tu? Sijui, na sina uso wa kumuuliza. Nimekwenda kutazama mstari wa tindo kwenye injini, nikaupitisha kidole. Upo.