Dakika Tatu za Kimya

2 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Kazi ya miwani inaendeleaje, na lile jicho la kushoto lililokuwa likikuwasha limepona? Mimi mzima wa afya, ila magoti yananikumbusha umri kila nikiona ngazi. Na mwezi huu ngazi nitazipanda sana, ndiyo habari yenyewe. Kaa kitako nikusimulie. Ningekupigia, lakini simu zangu hupokei, na barua haikatwi kama simu.

Zahanati imenichagua mimi. Miaka ishirini na miwili niko dirisha la mapokezi naandika majina ya watu, juzi daktari mkuu ananiita ofisini kwake, nikajua nimeshaharibu kitu. Kumbe anasema, wanawake wanaopigwa na waume zao wakija hapa, wa kwanza kuonana naye ni wewe, na wengine wanaishia hapohapo kwako, hawafiki hata kwangu. Basi naenda mafunzoni wiki tatu, nifundishwe namna ya kumpokea mtu wa hivyo. Nikifaulu, kile chumba cha kuwekea mashuka kitatolewa mashuka, viwekwe viti viwili na kitasa kipya, na wa kukaa humo ni mimi.

Tangu nisikie hayo sikai chini. Nimenunua daftari, nimenunua viatu visivyopiga kelele, jana nimefua mapazia ambayo yalikuwa safi. Mwanamke wa miaka hamsini na sita anarudi darasani, na moyo unadunda kama wa mtoto wa chekechea.

Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Najua umeninunia. Tangu ile Jumapili uliyokuja kwangu na begi, miaka mitatu sasa, hujakanyaga tena mlango wangu. Nilimwita mumeo, nikawasuluhisha, mkaondoka pamoja. Baadaye ukamwacha mwenyewe ukahamia huko, wala sikukulaumu. Mpaka leo sijui nilikukosea nini. Nimekukosa sana, mwanangu, na sioni haya kusema.

Shangazi yako

9 Machi

Shikamoo Shangazi,

Sijambo. Jicho limepona. Dukani tuko wawili sasa, mwenzangu anapima macho, mimi nasaga vioo na kukaza skrubu.

Hongera kwa kuchaguliwa. Ni kweli wanawake wanakwambia mambo yao.

Ya ile Jumapili sina la kusema. Magoti uyapake dawa.

Binti wa kaka yako

14 Machi

Mwanangu,

Habari za tangu juzi? Barua yako nimeisoma mara nne, na ilivyo fupi sikuchoka. Magoti nimeyapaka. Mimi mzima, tena mzima kupita kiasi, nina habari mpaka zinanitoka masikioni.

Darasa letu liko juu ya duka la vifaa vya shule, ngazi arobaini na moja, nimezihesabu. Tuko kumi na mmoja: wauguzi wawili, walimu, mwanasheria anayetafuna kalamu, na askari polisi mwanamke mwenye mabega mapana ambaye ndiye rafiki yangu. Mkufunzi wetu ana sauti ndogo, feni ikizunguka inamshinda, na bado chumba kizima kinamsikiliza. Sijui anafanyaje.

Sasa sikia. Juzi katupa zoezi. Mnakaa wawiliwawili, mmoja anasimulia jambo lililomuumiza kwa dakika tatu, mwingine anasikiliza. Husemi pole. Husemi mh. Humshiki mkono mpaka autoe yeye. Unakaa tu. Nikasema moyoni, hii nayo ni kazi? Polisi akaanza, na saa ya mkufunzi inahesabu. Nilifunga mdomo kwa sekunde kumi na moja. Mara ya pili, kumi na tisa, na hapo nilikuwa nimeuma ulimi. Darasa zima hawana mbavu, na tangu siku hiyo naitwa Redio.

Lakini mimi sishindwi hivihivi. Nyumbani naweka birika jikoni, navuta kiti, naliangalia usoni mpaka lichemke, simwambii mtu neno. Leo nimefika dakika mbili na nusu. Jirani kachungulia dirishani akauliza kama naumwa.

Tumepewa na karatasi ya maswali. La kwanza kabisa ni hili: wewe mwenyewe unataka nini? Hilo sijalielewa. Mtu kapigwa, kavurugika, atajuaje anachotaka? Si ndiyo maana kaja kwa watu wazima?

Jumatatu kila mmoja anasimama mbele ya wote, aoneshe atakavyompokea mtu. Hapo ndipo watamjua Redio ni nani. Ndoa tisa nimesuluhisha katika ukoo huu, yako ikiwemo. Niombee.

Shangazi yako

24 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Ile ya mwisho hukunijibu, na sasa naelewa kwa nini. Mimi mwili mzima.

Nitakuandikia ilivyokuwa, bila kupunguza.

Aliyejifanya amekimbia kwake alikuwa yule polisi. Kaingia na mtandio kichwani, begi mkononi, akasema shikamoo, akakaa, begi kaliweka mapajani. Mimi nikaingia kazini. Nikampa pole, nikampa maji, nikamwambia mwanamume akiwa na hasira hapaswi kujibiwa, nikamwambia nyumba haijengwi siku moja. Maneno yalikuwa yanateremka yenyewe. Halafu nikasema, tumwite na mwenzio. Pale darasani palikuwa na fundi juu ya ngazi anatengeneza feni. Nikamshusha awe mume. Maskini, kashuka na bisibisi yake, nikamgombeza, akaomba radhi kwa kosa asilolijua, nikawashikanisha mikono. Dakika tisa tu. Nikageuka nipigiwe makofi.

Hakuna aliyepiga. Mkufunzi akamuuliza polisi kwa ile sauti yake: umesema maneno mangapi? Akajibu, moja, shikamoo. Na ulikuja kutaka nini? Akafungua karatasi aliyokuwa ameficha kiganjani, maagizo yake ya zoezi, akasoma: umekuja kuomba mahali pa kukaa siku tatu.

Sikumwona polisi tena, nilikuona wewe sebuleni kwangu, Jumapili saa sita mchana, mkono wa kulia umeufunga kwa kanga, begi mapajani. Nilizungumza mpaka saa kumi. Mumeo alipofika nikawamiminia soda, na begi bado umelikumbatia. Masaa manne, sikukwambia hata uliweke chini. Na nilipofunga mlango nyuma yenu nilijisifu, mwanangu. Nilijisifu.

Mkufunzi kanipa nafasi moja ya kurudia, Ijumaa. Nikianguka tena, hicho chumba atapewa mwingine, na atakuwa amefanya haki. Lakini hilo sasa ni la pili.

La kwanza ni wewe. Nisamehe. Na lile swali ambalo sikulielewa, nimelielewa. Wewe mwenyewe ulitaka nini? Na leo unataka nini?

Ndani ya bahasha nimetia karatasi tupu. Ni yako. Sitaandika tena mpaka uirudishe, hata ikichukua mwaka.

Shangazi yako

3 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Karatasi yako nimeiweka kwenye droo ya skrubu wiki tano. Nilijua huwezi. Nilimwambia mwenzangu dukani, wiki haiishi, shangazi yangu ataandika nyingine ndefu kuliko hiyo. Mleta barua akipita nachungulia: hakuna. Wiki ya pili hakuna. Wiki ya tatu nikashikwa na wasiwasi kwamba unaumwa, nikapiga simu zahanati. Ukapokea wewe, "Mapokezi, habari," nikakata. Nikacheka peke yangu mpaka mteja akaniangalia. Redio kazimika kweli.

Umeuliza, nami najibu. Siku ile nilitaka kuliweka begi chini. Basi. Nilitaka useme weka pale, ukaoge. Nilikuja kwako kwa sababu ya huo mdomo wako, nilidhani mbele ya mdomo huo hakuna mwanamume atakayethubutu. Ukautumia kunirudisha. Miezi miwili baadaye nilitoka kwake kwa gari la wagonjwa. Hilo hulijui, hakuna aliyekwambia, kwa sababu nilikataza.

Leo nataka uje. Jumamosi duka linafungwa saa saba, nyuma kuna chumba na viti viwili, nimeshavifuta vumbi. Nataka nikusimulie yote, tangu begi mpaka hospitali, na haitakuwa dakika tatu. Usiniambie pole. Usimtukane yule bwana, nitamtukana mwenyewe. Usilie kabla yangu. Nikimaliza, nitakuuliza kama Ijumaa ile ulifaulu, na hapo uongee utakavyo, hata jua lizame, maana kusema kweli nimeukosa mdomo wako kuliko nilivyodhani.

Njoo na begi. Utaliweka chini, utalala hapa.

Mwanao

6 Mei

Mwanangu,

Nakuja.

Shangazi yako