Wekundu Kwenye Kola ya Haji

Jumatatu, 20 Oktoba
Zamu ya asubuhi kwa Bi Margaret, mzee ninayelipwa kumtunza. Nimemwogesha, nimempa dawa, tumeitazama mvua. Nyumbani nimefua. Kola ya shati la mume wangu ina wekundu. Nimesugua, hautoki. Haji anapanga maboksi ghalani. Rangi ya nini?

Jumatano, 22 Oktoba
Haji karudi ananukia poda. Poda ya usoni, naijua. Simu ikalia, akatoka nayo nje kwenye baridi. Nilisikia maneno mawili tu: "Kesho nitawahi." Miaka kumi na minne ya ndoa. Nina hasira. Hapana, nina hofu.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nilipiga simu ghalani kumuulizia. Mwanamke mmoja akaniambia, kwa upole, kwamba Haji hayupo pale tangu mwezi uliopita. Nikasema ahsante. Nikakaa kwenye ngazi, koti bado mwilini. Kila siku namfungia chakula. Anakwenda kula na nani?
Sijamuuliza. Nikiuliza atajibu.

Jumapili, 26 Oktoba
Shule zimefungwa. Nasra, binti yetu wa miaka kumi na moja, anataka kwenda nyumba ya mizimu ya Halloween, sikukuu yao ya kutishana, ile waliyoitengeneza kwenye kiwanda kitupu hapa Edmonton, huku ughaibuni. Wenzake wote wameshakwenda. Haji kakataa katakata. "Popote pengine, pale hapana." Halafu akatoka.
Basi nitampeleka. Kesho mchana. Ukaidi tu, nakiri.

Jumatatu, 27 Oktoba
Tulikwenda.
Giza, moshi, minyororo. Watu wazima wanapiga mayowe huku wanacheka. Nasra alijikaza mpaka chumba cha tatu. Pale jeneza likafunguka, maiti akainuka, uso mweupe, shingo imejaa damu ya rangi. Mtoto akaanguka, analia, pumzi hazimjii.
Maiti akaruka kutoka jenezani.
"Nasra! Mwanangu, usiogope, ni mimi baba yako!"
Kiswahili. Tena kwa lafudhi ya kwetu Makunduchi. Akampakata pale pale sakafuni, na kucha zake za plastiki.
"Baba Nasra?" nikasema.
"Nisamehe, mama Nasra. Ghalani walinipunguza. Nikaona haya kukwambia. Hii ndiyo kazi niliyopata."
Nilicheka mpaka nikalia. Waliokuwa nyuma yetu walidhani ni mchezo, wakapiga makofi.
Kumbe ndilo hilo tu. Alhamdulillahi. Mume wangu maiti, na mimi sijapata kufurahi hivi.

Ijumaa, 31 Oktoba
Leo zamu yake ya mwisho iliisha saa kumi jioni, msimu wa mizimu umekwisha, wakampa mkono wa kwaheri. Wiki ijayo hana pa kwenda. Tutatafuta.
Wakati tunakunywa chai nilimwambia nilichomdhania. Sikuficha kitu. Hakucheka. Alinishika mkono.
Watoto wa jirani walibisha hodi kuomba peremende, ndiyo desturi ya usiku wa Halloween. Hatukuwa nazo. Nasra akawapa tende, wakazipokea.
Haji amesinzia kwenye kochi. Nimemfunika blanketi, nami nimekaa upande wa miguu yake.