Neno la Kiingereza lililonipitisha

Baba Chadia,

Sombe iko tayari ndani ya sufuria, mupige bugali tu. Djamali mudogo anywe dawa yake akiisha kula, si kabla.

Nimepanda pikipiki kwenda Kabambare kutafuta cheti changu cha kuzaliwa. Nitalala kwa dada Soraya, kesho nitarudi. Usishituke: nimepita! Chuo cha Kampala kimenikubali!

Asubuhi, ulipokuwa unajitayarisha kwenda dukani, walimu wao walinipigia simu kunijaribu Kiingereza. Waliniomba nieleze neno “ambiguous” kwa mufano. Miezi sita nimelikariri, lakini pale likanitoroka kabisa. Ndipo nikakusikia mulangoni ukimwambia motari aliyekungojea na pikipiki yake, “Nakuja sasa hivi!”

Nikawaambia: mume wangu akisema hivyo, pengine anatoka mara moja, pengine mutu atamungojea hadi adhuhuri. Maneno yale yale, maana mbili. Walicheka mpaka simu ikakatika. Walipopiga tena, wewe ulikuwa umekwisha kwenda. Wakasema, “Aziza, karibu chuoni.”

Juzi ulisema mbele ya wageni kwamba mama wa watoto wanne anakariri kama kasuku. Iliniuma, sikufichi. Leo muzigo umenitoka, nimelia peke yangu jikoni kwa furaha.

~~Kaye yangu ya maneno usiiguse.~~ Kaye yangu niliyoandikia maneno ya Kiingereza iko juu ya kabati. Umusomeshe Chadia ukurasa mumoja. Akishindwa kutamka, usimucheke. Hata mimi nilianzia hapo.

Mke wako,
Mama Chadia